Umeme wa akiba wa TV, king'amuzi na sabufa: anza na betri, inveta baadaye

Wateja wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Mbagala huanza na ombi moja: "Fundi, nitafutie inveta ya wati elfu moja, mechi zisinipite." Ninawaelewa, maana na mimi ni mtu wa mpira. Lakini inveta ni kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, na wati elfu moja zake hazisemi chochote kuhusu utaangalia TV kwa muda gani. Zinasema tu ni vitu vingapi unaweza kuwasha kwa pamoja. Muda unatoka kwenye betri. Inveta ni bomba na betri ni simtanki: bomba likiwa nene na tanki likiwa la lita ishirini, maji yatakwisha mapema tu. Wauzaji hupenda kutaja wati kwa sababu namba ni kubwa na inavutia. Wewe uliza betri.

Natengeneza TV na redio tangu zama za TV za chogo, kwa hiyo nitakayoandika hapa ni yale ninayoyaona nikifungua mifuniko.

Kwanza angalia umeme wa kwenu unakatika vipi. Wakati wa ile migao mikubwa, wa 2006, wa 2011 na ule wa 2022 kuelekea 2024, ilikuwa sawa mtu kutafuta betri ya kushinda nayo mchana kutwa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mgao wa ratiba umepungua sana. Tulichobaki nacho mitaani ni kukatika kwa namna nyingine: transfoma imezidiwa, mti umelalia waya wakati wa masika, kuna matengenezo ya laini. Kwenye mitaa ninayohudumia, huko ni dakika chache hadi saa tatu au nne. Ukinunua leo betri ya saa kumi na mbili kwa ajili ya TV peke yake, umelipia kitu ambacho kitakaa kimejaa mpaka kizeeke.

Kipimo ninachotumia ni mechi moja kubwa. Dakika 90, mapumziko 15, dakika za majeruhi, tayari ni karibu saa mbili. Ikienda kwenye dakika 30 za nyongeza na penalti, inakaribia saa tatu. Anayefuatilia tamthilia, au mwenye watoto wa katuni, naye saa tatu zinamtosha jioni nyingi. Basi tushike saa tatu, na mwenye mtaa sugu aongeze.

Sasa pima matumizi yako kabla hujagusa pochi. Njia ninayoipenda haina gharama. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyotumika. Karibu na kitaa hicho pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Kwenye mita nyingi ni 1000. Maana yake kitaa kikimweka mara elfu moja, umekula uniti moja. Zima kila kitu ndani: chomoa friji, feni, pasi, chaja za simu, zima taa. Washa kona ya TV tu kama unavyoitumia kila siku, na sauti yako ya kawaida. Kisha simama mbele ya mita na saa ya simu, hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi unaofuata. Chukua 3,600 gawanya kwa sekunde ulizopata, hizo ndizo wati zako. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 24 ni wati 150. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Rudia mimweko kadhaa uchukue wastani, kwa sababu TV hula zaidi picha ikiwa nyeupe na hupunguza ikiwa na giza.

Walio na mita juu ya nguzo, ambao ndani wana kile kidude cha kuingizia tokeni tu, watafute kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Kinauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na mkiwa majirani watatu mnaweza kununua kimoja.

Ili ujue kama hesabu yako imekaa sawa, TV ya LED ya inchi 32 kwa kawaida hula kati ya wati 30 na 55. Ya inchi 43 hula 60 hadi 90, na ya inchi 55 hufika 100 hadi 150. King'amuzi ni wati 10 hadi 20, pamoja na kile kichwa cha dishi ambacho hupata umeme wake kupitia waya wa antena. Ruta ni wati 6 hadi 12. PlayStation 5 kwenye gemu zito inagusa wati 200, kwa hiyo watoto wakicheza ujue wamekula TV mbili.

Sabufa inahitaji neno lake. Boksini utakuta imeandikwa PMPO, wati elfu kadhaa. Usizihesabu hizo. Nimefungua sabufa nyingi za namna hiyo, na ndani mna transfoma ndogo inayoenea kiganjani, ambayo haiwezi kamwe kutoa hizo wati. Kwa sauti ya sebuleni nyingi hula wati 20 hadi 60. Watu wanaoamini namba ya boksi hununua inveta kubwa mno, na inveta kubwa ina hasara yake: hata isipobeba kitu, yenyewe inakula betri ili iwe macho. Kubwa inaweza kumaliza wati 15, 20 au zaidi bila kazi, na huo ni umeme wa king'amuzi kizima.

Na kabla ya kwenda dukani, shika rimoti upunguze mwanga wa nyuma wa TV. Sehemu kubwa ya umeme wa TV ya LED inakwenda kwenye zile taa ndogo zilizopangwa nyuma ya kioo. TV hutoka kiwandani au dukani mwanga ukiwa umepandishwa mwisho ili ing'ae mbele ya mteja, na watu hawaushushi tena. Ukiuteremsha hadi nusu, macho yatazoea jioni hiyo hiyo, na matumizi yatashuka kwa kiasi kikubwa. Zaidi ya hapo, taa hizo ndizo zinazoungua kwenye TV nyingi ninazoletewa zikiwa na sauti bila picha. Mwanga mdogo unaokoa betri na unaokoa TV.

Tuchukue sebule moja ya kweli. Kuna mwalimu mstaafu, jirani yetu, mwenye TV ya inchi 43, king'amuzi, ruta, sabufa, na taa mbili ambazo mama hataki zizimike. TV wati 75, king'amuzi 15, ruta 10, sabufa 30, taa mbili 18. Jumla 148. Kwa saa tatu, zidisha: wati-saa 444. Inveta nayo hupoteza kitu njiani ikigeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, basi gawanya kwa 0.85, unapata kama 520.

Hapo ndipo aina ya betri inapoamua. Ah ni ampea-saa, ndiyo ukubwa wa tanki, na ukizizidisha kwa volti unapata wati-saa. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, yaani uniti moja na ushee ukiipima kwa LUKU. Lakini betri ya risasi, iwe ya maji, kavu au ya jeli, ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo mzee anahitaji wati-saa 1,040 za risasi, na hiyo ni betri moja ya Ah 100. Akitaka lithiamu ile ya fosfeti ya chuma, ambayo inaandikwa LiFePO4, anaweza kuitumia hadi asilimia 90 bila kuiumiza. Ya volti 12.8 na Ah 50 ina wati-saa 640, akitumia asilimia 90 anapata 576, na kazi imekwisha. Ona basi: Ah 50 za lithiamu zinafanya kazi ya Ah 100 za risasi. Muuzaji akikulinganishia bei za Ah kwa Ah, hakulinganishii sawasawa.

Nikiulizwa nichague, nachagua lithiamu kwa mtu yeyote anayeweza kuvuta subira akaongeza fedha. Bei ya kununulia ni kubwa, hilo halifichiki. Lakini betri ya risasi inayoshushwa nusu kila mara huanza kuchoka baada ya mizunguko mia kadhaa ya kushushwa na kujazwa, wakati lithiamu nzuri huenda elfu mbili na kuendelea. Joto la pwani pia haliipendi risasi: kanuni ya wenye betri ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri ya risasi hupungua kwa nusu. Dar es Salaam tunaishi juu ya 25 karibu mwaka mzima. Halafu kuna suala la kujaa. Betri ya risasi hupokea umeme haraka mwanzoni, lakini ile asilimia 20 ya mwisho huivuta taratibu kwa saa nyingi. Umeme ukikatika mara mbili kwa siku haipati nafasi ya kujaa, na betri ya risasi isiyojaa hufa ikiwa mpya. Lithiamu haijali kukaa nusu.

Lakini angalia inveta yako kwanza. Chaja ya ndani ya inveta nyingi za bei nafuu imepangwa kwa risasi. Lithiamu ya volti 12.8 inataka kuchajiwa kwenye volti 14.2 hadi 14.6, na haitaki ile hatua ya kuichemsha betri ambayo baadhi ya chaja huifanya kwa betri za maji. Kama inveta haina mpangilio wa lithiamu au nafasi ya kuandika volti mwenyewe, usizioanishe. Uliza pia bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inaruhusu ampea ngapi. Betri ya Ah 50 yenye kikomo cha ampea 50 haiwezi kubeba zaidi ya wati 600 hivi, hata ukiifunga kwenye inveta ya wati elfu mbili.

Si kila mtu anahitaji mfumo wa mwalimu. Kama kilio chako ni intaneti tu, unatazama kwenye simu au kompyuta ya mapajani ambayo ina betri yake, nunua kibetri kidogo cha ruta. Ni kiboksi kama kitabu, kinakaa kati ya adapta na ruta. Soma volti iliyoandikwa chini ya ruta yako: zipo za volti 9 na zipo za volti 12, na ukipeleka 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo. Wenye faiba wakumbuke kile kiboksi cha ukutani kinachopokea waya. Nacho kinataka umeme, bila hicho ruta itawaka na intaneti haipo. Vibetri hivi huandikwa kwa mAh (mAh elfu moja ni Ah moja), na mAh hizo ni za seli ya volti 3.7. Kibetri cha 10,000 mAh ni wati-saa 37, kinashikilia ruta ya wati 8 kama saa nne ukitoa hasara. Kanuni hiyo hiyo itumie kwenye zile betri kubwa za kubeba zenye soketi ubavuni. Ikiandikwa 60,000 mAh kwa maandishi makubwa, zidisha kwa 3.7 ugawanye kwa elfu moja: wati-saa 222 tu. Hizo za kubeba ni nzuri kwa mpangaji anayehamahama na asiyetaka fundi wa kufunga waya. Hakikisha tu imeandikwa wati-saa waziwazi, na soketi yake inatoa volti 220 hadi 230, kwa sababu zipo zinazoletwa zikiwa za volti 110 za Marekani.

UPS za ofisini, vile visanduku vyeusi vya mtumba vyenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, zilizojaa Kariakoo, zinauzika kwa sababu ni rahisi. Ndani ya ile ya VA 650 kuna betri moja ya volti 12 na Ah 7, wati-saa 84 ikiwa mpya, na zikitolewa haraka hazitoki zote. TV ya inchi 32 na king'amuzi unapata nusu saa, ukibahatika dakika arobaini. Na hiyo VA 650 si wati 650. Mara nyingi ni wati 360 au 390. Kazi yake ya haki ni kuziba pengo: PlayStation isizimike ikiwa inahifadhi gemu, au king'amuzi kisianze upya wakati unakwenda kuwasha jenereta nje. Nje kabisa, si barazani wala jikoni, kwa sababu moshi wake unaua watu usingizini.

Nitakalolikazia kuhusu UPS ni hili. Vijana wengi huitoa betri ya ndani wakavuta waya nje hadi kwenye betri ya gari, N70 au N100, wakidhani wamepata inveta ya bei poa. Transfoma ya UPS ndogo imetengenezwa ifanye kazi dakika chache kisha ipumzike. Ukiilazimisha saa tatu inapata moto. Nimezipokea zikiwa varnishi imeyeyuka, plastiki imejikunja, na harufu ile ambayo ukishainusa hutaisahau. Tena chaja yake hutoa kama ampea moja. Betri ya Ah 70 iliyoshuka sana itahitaji siku tatu mfululizo ijae. Usifanye hivyo kwenye nyumba wanayolala watoto.

Na betri ya gari yenyewe, hata kwenye inveta nzuri, siishauri. Imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha ijazwe tena. Sahani zake ni nyembamba, na kuishusha kila jioni kunaila haraka. Tafuta iliyoandikwa ya sola au ya mzunguko wa kina.

Dukani nenda na vitu viwili: mita ya kupimia volti na akili ya uzito. Betri ya risasi iliyofungwa ya Ah 100 hukaribia kilo 30. Ukiiinua kwa mkono mmoja ukatembea nayo kwa raha, stika imedanganya, risasi haimo. Lithiamu ya Ah 100 yenyewe ni kilo 10 hadi 13, hapo usishangae. Pima volti ya risasi kabla hawajaiunganisha na chaja yoyote: 12.6 hadi 12.8 ni nzima, chini ya 12.4 imekaa sana stoo bila kuchajiwa, na chini ya 12 usiichukue hata kwa punguzo. Kisha omba waunganishe balbu ya taa ya gari, ile ya wati 55, kwa dakika kumi. Volti itateremka kidogo na kutulia. Ikiendelea kuporomoka mbele ya macho yako, iache hapo hapo. Muuzaji mwenye betri nzuri hakatai kipimo hiki.

Kwenye inveta, swali la kwanza ni umbo la umeme wake. Zipo za wimbi safi, kama la umeme wa ukutani, na zipo za wimbi la ngazi, linalopanda na kushuka kwa vipande. Pawa saplai ya TV na ya king'amuzi kwa kawaida hustahimili wimbi la ngazi. Sabufa yenye transfoma haistahimili vizuri: utasikia mngurumo chini ya muziki hata ukishusha sauti yote, na transfoma inakuwa ya moto ukiigusa. Feni nayo hulia. Kwa kuwa hapa tunazungumzia burudani, mtu anataka asikie, nunua wimbi safi. Kwa mzigo wa wati 150, inveta ya wati 300 hadi 600 inatosha kabisa, na inakula kidogo ikiwa haina kazi.

Swali la pili ni muda wa kubadilisha kutoka umeme wa laini kwenda wa betri. Inveta nyingi za nyumbani zina swichi au mpangilio wa aina mbili. Ule unaoitwa UPS hubadilisha ndani ya kama sehemu moja ya mia ya sekunde, TV haitambui chochote. Ule wa vifaa vya nyumbani huchelewa mara mbili, na baadhi ya ving'amuzi hujizima na kuanza upya. Kuanza upya kwa king'amuzi cha dishi ni dakika nzima au mbili, na bao halisubiri.

Mpangilio huo wa UPS una faida nyingine kubwa kuliko hiyo, na hapa naomba usome taratibu.

Watu wanaogopa umeme kukatika. TV nyingi ninazoletewa zimeharibika umeme ulipokuwa unarudi. Laini ikirudi, mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanawaka kwa pamoja, volti inazama kisha inaruka. Mbaya zaidi ni waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo: nyumba ambazo kawaida hupata volti 230 zinaweza kupata zaidi ya 300. Ukifungua TV iliyopigwa hivyo unaikuta hadithi yote kwenye pawa saplai: fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi ndani, kile kidonge cha bluu kilicho jirani yake kimepasuka katikati, na kapasita kubwa imevimba kichwa. Ukiwa na bahati imeishia hapo. Usipokuwa nayo, imefika hadi bodi kuu.

Wengi wanadhani wakiwa na inveta wamekwishajikinga. Inveta ya kawaida, umeme ukiwepo, inaupitisha tu kama ulivyo hadi kwenye TV. Kwenye mpangilio wa vifaa vya nyumbani inaruhusu kuanzia volti 90 hadi 280. Kwenye mpangilio wa UPS inakuwa na masharti zaidi, mara nyingi 170 hadi 280, chini au juu ya hapo inaruka kwenye betri. Kwa hiyo uweke kwenye UPS. Kisha, kati ya soketi ya ukutani na inveta, weka kile kilinzi wanachokiita TV gadi, kinachokata volti ikizidi au ikipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uliorudi. Wakati kinasubiri, betri inakushikilia, hukosi kitu. Kwa maoni yangu kifaa hiki kidogo kina thamani kuliko kuongeza Ah 50 za betri. Kama fedha inatosha kimoja tu mwezi huu, anza na hiki.

Radi ni habari nyingine. Hiyo inaingia hata kupitia waya wa dishi, na hakuna betri wala gadi itakayoizuia. Wa Bukoba na Mwanza wananielewa. Ikianza kupiga karibu, chomoa plagi na ufungue waya wa dishi nyuma ya king'amuzi.

Kufunga. Weka inveta karibu na betri, waya wa volti 12 usizidi mita moja hivi, na uwe mnene: kwa mzigo wa hadi wati 500 tumia waya wa milimita za mraba 16, maana betri ya volti 12 ikitoa wati 500 inasukuma ampea karibu 50. Waya mwembamba unapata moto, na volti inapotea njiani hadi inveta inalia kuwa betri imekwisha wakati bado imejaa. Kwenye upande chanya, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya ampea 60. Fundi akikuambia haina haja, tafuta fundi mwingine. Unapokaza nati vua pete na bangili, na spana yako izungushie tepu kwenye mpini, kwa sababu spana ikigusa nguzo zote mbili za betri, chanya na hasi, inang'aa nyekundu mkononi.

Umeme wa inveta upeleke kwenye ekstensheni moja ya kona ya TV, basi. Usitengeneze ule waya wenye plagi za kiume pande zote mbili ili "kulisha" nyumba kupitia soketi. Umeme wako utatoka hadi kwenye laini, na kuna mtu yuko juu ya nguzo anarekebisha akijua hakuna umeme.

Betri isikae ndani ya kabati la TV lililofungwa wala chini ya kitanda. Ya maji hutoa gesi inayoshika moto inapochajiwa, kwa hiyo ikae penye hewa, mbali na jiko. Wa mabondeni, iinue juu ya matofali. Maji ya masika hayapigi hodi. Ya maji ijaziwe maji ya betri, si ya bomba, sahani zisionekane.

Anayetaka kuongeza sola aongeze baadaye. Paneli moja ya wati 200 kwa jua letu inaweza kurudisha wati-saa mia sita au saba kwa siku nzuri, ambazo ni jioni nzima ya mwalimu na chenji. Nunua tu inveta ambayo tayari ina sehemu ya kupokea paneli, usije ukabadilisha kila kitu.

Mara moja kwa mwezi, umeme ukiwepo, chomoa plagi ya inveta ukutani ukiwa unaangalia taarifa ya habari, uone inabeba kama ilivyokuwa inabeba. Ikiwa zamani ilienda saa tatu na sasa inalia kwenye saa moja na nusu, betri ya risasi imefika mwisho. Usiiongezee mpya pembeni, maana nzee itaivuta mpya chini. Badilisha zote pamoja. Ile ya zamani usiivunje uani kutafuta risasi wala kumwaga asidi yake mtaroni. Irudishe ikiwa nzima dukani au kwa wanunuzi wa betri chakavu, watakupunguzia bei ya mpya.